Msamaria Hakuishia Njiani

Hatujaisahau Jumamosi ile ya tarehe 6 Mei, 2017, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia bondeni karibu na Karatu. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao walifariki dunia. Watoto 3 walitolewa wangali hai, mifupa yao imevunjika.

Wasafiri Wamarekani waliopita njia ile walisimama, wakashuka kuwaokoa. Wangaliishia hapo, hakuna ambaye angaliwalaumu. Lakini siku chache baadaye watoto wale, pamoja na mama zao, walichukuliwa kwa ndege mpaka Sioux City, katika jimbo la Iowa nchini Marekani. Wakatibiwa huko, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule wakarudi nyumbani.

Katika sura ya 10 ya Injili ya Luka twasoma habari za Msamaria. Huenda kuhani na Mlawi nao walisikitika moyoni walipopita kando. Msamaria alifunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akalipa katika nyumba ya wageni, tena akaahidi kurudi. Huruma isiyokubali gharama haijawa huruma bado.

Mtoto apelekwapo ng'ambo kutibiwa, twadhani mzigo wote ni wa wafadhili na madaktari. La, hasha! Mama amefuatana na mgonjwa: nani awapikiaye wadogo waliobaki? Nani apaliliaye shamba? Naye mtoto arudipo, nyimbo za kumpokea zikiisha, nani atakayemsindikiza hospitalini kuangaliwa tena? Nyumba ya wageni isemwayo katika Injili yaweza kuwa nyumba yetu sisi.

Tena tuchunge ndimi zetu. Tusiwaambie wazazi waliofiwa kwamba Mungu aliwapenda zaidi wale 3. Wale 32 ni wake vilevile, wala sisi hatukupewa kuyafafanua mashauri yake. Yatupasa kuwatembelea wazazi hao, hata miaka ikipita, na kuwataja marehemu wao katika sala.

Basi, akina baba na akina mama, ikiwapo jirani yetu jamaa yenye mtoto aliye mbali kwa matibabu, tusingoje kuombwa. Tumwombee jioni nyumbani pamoja na watoto wetu. Na kesho yake asubuhi tubishe hodi mlangoni pao.