Jumatano: Hesabu ya Gari na Mizani ya Haki

Soma Luka 14:28–30, Mambo ya Walawi 25:14, Mithali 11:1.

Fikiria habari hii. Shemasi mmoja anasafiri kutoka Mbeya kwenda Iringa. Anapokaribia Mafinga, pikapu yake inachemsha na injini inakufa. Inavutwa hadi gereji mjini Iringa. Fundi anampa njia mbili: kuifungua injini na kubadilisha pistoni na ringi zake, au kuiuza pikapu kama ilivyo. Matengenezo yanakaribia bei ya gari zima, na karo ya watoto haijalipwa.

Yesu alifundisha kwamba mwenye busara hupiga hesabu kabla ya kuanza kujenga. Kwa hiyo kuuza si kosa. Lakini fundi anaongeza shauri: “Tufanye matengenezo kidogo tu, tutie oili nzito. Moshi utapungua kwa siku chache, mnunuzi hatajua.” Mnunuzi ni mkulima anayetafuta gari la kubebea viazi.

Hapa swali si la injini tena. Torati inakataza kumdhulumu jirani katika kuuza na kununua, na kuficha ubovu ni mizani ya hadaa. Shemasi akisema kweli, atapata fedha pungufu, na karo atailipa kidogo kidogo. Akinyamaza, karo ya wanawe italipwa kwa jasho la mkulima.

Kwa majadiliano: Je, mnunuzi asipouliza, muuzaji Mkristo ana wajibu wa kumwambia kasoro? Toa sababu kutoka katika Maandiko.