Namba ya Shosho

Ripoti ya MRI ya shosho ilikuja na jedwali. Kushoto, jina la sehemu ya ubongo. Katikati, ukubwa wake. Kulia, nafasi yake kati ya watu wa umri wake. Kwenye mstari wa hipokampasi: 3. Yaani ukipanga watu mia wa rika lake, karibu wote wana hipokampasi kubwa kuliko yake.

Mjomba aliishika hiyo tatu kama hukumu ya korti. "Sasa mambo ya shamba tutaamua sisi," akasema. Nami, nakiri, nilishukuru. Shosho huniuliza swali moja mara kumi kwa siku. Namba ilinipa ruhusa ya kuacha kujibu.

Hipokampasi ndiyo hutusaidia kuweka kumbukumbu mpya. Zamani mtaalamu aliichora kwa mkono kwenye kompyuta, picha baada ya picha. Siku hizi programu kama FreeSurfer, iliyotengenezwa Boston, huitafuta na kuipima yenyewe. Siibezi. Ugonjwa wa Alzheimer huinywesha sehemu hii mapema, na daktari akilinganisha picha ya leo na ya mwaka ujao atajua mengi. Kwa sababu ya ripoti hiyo, shosho hapiki tena akiwa peke yake, na hilo ni sawa.

Lakini hao "watu wa umri wake" ni kina nani? Hazina kubwa za picha za ubongo, kama UK Biobank ya Uingereza, zimejaa Wazungu. Haya, tuseme wangempima na kina mama wa Murang'a. Bado mashine ingekuwa imejibu swali moja tu: ni kubwa kiasi gani? Sisi ndio tuliligeuza likawa lingine: bado ana neno?

Jumapili niliketi naye. Akaniuliza, kwa mara ya nne, nani analima kule chini mtoni. Nikajibu, kisha nikamuuliza angetaka shamba libaki na nani.

"Na yule hataliuza."

Jumatatu nikamuuliza tena. Hakukumbuka kama tulishaongea, lakini jibu lilikuwa lile lile.

Mjomba anasema hilo halina uzito kisheria. Pengine. Ila kabla ya jedwali kufika, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza.