Mshumaa Mahali pa Mifupa



Mwezi wa nane tulikodi basi dogo, jamaa kumi na wanne wa hapa London, tukaenda Canterbury. Sisi tuliobatizwa Kianglikana kule Muheza tumelisikia jina la mji huo tangu utotoni. Wenzangu walikwenda kutembea na kupiga picha. Mimi nilikuwa na langu moyoni.

Kanisa hilo asili yake ni mwaka 597, alipofika Augustino akitumwa na Papa Gregori. Lakini kilicholifanya kimbilio la mahujaji ni mauaji. Tarehe 29 Desemba 1170, watu wanne wa Mfalme Henry wa Pili waliingia na panga wakamwua Askofu Mkuu Thomas Becket humo humo kanisani. Damu yake ilichanganywa na maji, wagonjwa wakayachukua katika vichupa vidogo vya madini. Mwaka 1173 akatangazwa mtakatifu. Mwaka uliofuata mfalme mwenyewe alikuja miguu mitupu, akachapwa viboko na watawa. Mwaka 1220 mifupa ilihamishiwa kaburi jipya lililopambwa kwa dhahabu na vito. Ngazi za mawe walizopanda mahujaji zimelika, na ukikanyaga unahisi mguu unazama kidogo.

Mwaka 1538 Henry wa Nane akaamuru kaburi livunjwe. Mali ikaenda kwake; mifupa ikatoweka. Mwaka 1888 ilichimbuliwa mifupa chini ya kanisa, na wako walioamini kabisa kuwa ndiyo. Ilipochunguzwa upya, kuanzia mwaka 1949, ikaonekana si ya Becket.

Hapo ndipo nilipokwama, jamaa zangu wakaniacha nyuma.

Mama alifariki nikiwa huku, makaratasi yangu hayajakamilika, sikuweza kumzika. Nilipofika nyumbani baada ya miaka kumi na moja, msalaba wa mti ulikuwa umekwisha kuliwa na mchwa. Mdogo wangu alinionyesha tuta moja, akasita, akanionyesha la pili. Nikapiga magoti katikati nikaombea yote mawili. Sasa dada yetu mkubwa anataka tujengee kwa saruji, na fedha nitume mimi. Anasema tuchague tuta moja tuandike jina, Mungu anajua. Je, ni haki kuandika jina la mama yangu juu ya mama wa mtu mwingine?

Wapo watakaosema nia ndiyo yenye uzito. Yule aliyepanda ngazi zile kwa magoti alitoa heshima ya kweli, na sidhani kama heshima yake ingeharibika hata kama masanduku yangekuwa matupu. Nakubali. Lakini huyo hakujua. Mimi najua kwamba sijui, na kuandika jina ni kusema kwamba najua. Wajukuu watakaopeleka maua pale watadanganywa na mimi, si na mchwa. Na ile familia nyingine, ikija siku moja kumtafuta wa kwao, itamkuta amekwisha chukuliwa.

Hata hivyo dada ana hoja, tena nzito kuliko nilivyomkubalia kwenye simu. Pasipo na alama hapazuriwi, na miaka kumi mingine hakutakuwa na tuta lolote. Yeye ndiye aliyemwuguza mama. Ni rahisi kuwa mkali wa ukweli ukiwa mbali, kazi ya kufyeka majani akiifanya mwingine.

Pale lilipokuwa kaburi la Becket leo pana sakafu tupu na mshumaa mmoja unaowaka. Maandishi yanasema tu kwamba kaburi lilikuwa hapo tangu 1220 hadi lilipovunjwa mwaka 1538. Hawakuweka sanduku la kubahatisha. Wanaloandika ni lile wanalolijua, na watu bado wanakuja; nilimwona mzee mmoja akisimama pale muda mrefu, kofia mkononi.

Usiku ule nilimwandikia dada. Nimemwomba fundi asijengee tuta lolote, bali asimamishe jiwe moja kati ya yote mawili, yakiwemo jina la mama na mwaka, na chini yake maneno: amelala hapa karibu. Fedha nimetuma. Jibu la dada bado sijalipata.