Ushahidi wa Aliyenyamaza

Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ipate joto la kuwasha mafuta, na injini ikiwa ya baridi, chuma hulifyonza joto hilo kabla halijafanya kazi. Hapo ndipo hita plagi zinapohitajika. Kila silinda ina yake, na ncha yake hufikia nyuzi zaidi ya 800 za Selsiasi. Katika Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, plagi hizo huwashwa na kuzimwa na rilei yenye kipima muda. Magari mengi mapya yameikabidhi kazi hiyo kwa kontrola, kisanduku cha elektroniki kinachopokea amri kutoka kompyuta ya injini na kuirudishia taarifa za hali ya plagi.

Mazungumzo hayo yakikatika, kompyuta ya injini huhifadhi msimbo U0106, yaani mawasiliano na kontrola ya hita plagi yamepotea. Fundi wa Kihonda, mjini Morogoro, anayechomeka mashine ya kupimia na kuuona msimbo huo amekutana na swali lililotangulia magari kwa karne nyingi: kimya kinathibitisha nini?

Jibu la haraka ni kwamba kontrola imekufa. Lakini msimbo haukusema hivyo. Aliyetoa habari ni kompyuta ya injini, na habari yenyewe ni kwamba haikusikia. Kati ya kutosikia kwa mmoja na kufa kwa mwingine kuna masafa, na uchunguzi wote hufanyika katika masafa hayo.

Wanazuoni wa fiqhi walilitazama jambo hili kwa makini kuliko watu wengi. Kanuni inayonasibishwa kwa Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 820 na ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, inakataza aliyenyamaza asinasibishiwe kauli. Anayeona mali yake inauzwa na mtu mwingine akakaa kimya hahesabiwi kuwa ameidhinisha. Sheria za Kiosmani zilizokusanywa kati ya 1869 na 1876 ziliiweka kanuni hiyo katika kifungu cha 67, pamoja na mpaka wake: kimya cha mtu mahali ambapo kusema kulihitajika huwa ni kauli. Bikira anayeombwa idhini ya ndoa akanyamaza amejibu, kwa kuwa ameulizwa na jibu lilikuwa likisubiriwa.

Kumarila Bhatta, mwanafalsafa wa India wa karne ya 7, aliufikia ukweli wa jirani kwa njia nyingine. Kwake, kutokiona kitu ni njia halali ya kujua kwamba hakipo, ila kwa sharti moja, kwamba kingekuwapo kingeonekana. Asiyeuona mtungi sakafuni mchana anajua haupo. Asiyeuona gizani hajajua lolote.

Kwa hiyo kontrola haihukumiwi kwa kimya chake mpaka ithibitike kwamba ilikuwa na uwezo wa kusema. Hatua ya kwanza ni kuiita moja kwa moja kwa mashine ya kupimia. Ikijibu, kimya kilikuwa cha wakati fulani tu. Mara nyingi betri dhaifu huwa imeporomoka stata ilipokuwa ikizunguka, kontrola ikazimika kwa muda na msimbo ukabaki. Msimbo hufutwa, betri na vichwa vyake vikapimwa, kisha gari likawashwa upya na kuangaliwa kama unarudi.

Isipojibu, huangaliwa umeme wake. Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Waya ulioliwa na kutu mpaka ukabakiwa na nyuzi chache huonyesha volti 12 kamili kwenye mita, kwa sababu mita haivuti mkondo wa maana. Ukibebeshwa balbu ya taa kubwa, volti huanguka na ukweli hujitokeza. Kipimo hichohicho hufanyiwa ethi, ambayo husahaulika kuliko kitu chochote katika umeme wa magari. Hita plagi moja huweza kuvuta zaidi ya ampea 10 inapoanza kupata joto, kwa hiyo fyuzi kuu na viungo vyake vina kila sababu ya kuungua. Kuosha injini kwa maji ya presha, desturi iliyoenea mno, huingiza maji ndani ya soketi na kuzalisha kutu ya kijani.

Baada ya umeme ni njia ya mazungumzo. Magari mengi hutumia waya mbili zilizosokotwa pamoja, mfumo ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Kila mwisho wa njia una kizuizi cha omu 120. Betri ikiwa imefunguliwa, mita kati ya pini ya 6 na ya 14 za soketi ya uchunguzi husoma karibu omu 60. Ikisoma 120, njia imekatika au kizuizi kimoja hakipo. Ikikaribia sifuri, waya zimegusana. Lakini omu 60 hazitoshi kuthibitisha uzima wa waya wa tawi unaokwenda kwenye kontrola: tawi hilo likikatika, shina hubaki zima na mita haioni kitu. Ni lazima lipimwe mpaka kwenye soketi yenyewe. Na baadhi ya magari hutumia waya mmoja tu, hivyo mchoro wa gari husika hutangulia mita.

Kihonda, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, usiku huwa na baridi ndogo, na gari huweza kuwaka kila siku huku plagi zote zikiwa zimelala. Likipandishwa Nyandira, huko milimani Mgeta, kufuata mboga alfajiri ya Julai, huwaka kwa shida na kutoa moshi mweupe. Kuwaka kwake tambarare hakukuwa ushahidi wa uzima, kwa kuwa huko plagi hazikuulizwa chochote.

Kontrola yenye umeme uliobeba mzigo, ethi safi na tawi zima, ambayo bado haijibu, imenyamaza mahali ilipopaswa kusema. Hiyo ibadilishwe, na mpya iprogramiwe pale gari linapodai hivyo. Kuibadilisha kabla ya hapo ni dhuluma kwa mwenye gari, anayelipia kifaa ambacho kitanyamaza vilevile. Fundi na aandike vipimo alivyovipata, na mwenye gari adai kuonyeshwa kabla hajatoa fedha.