Bodi ya Zamani, Chasisi Mpya: Gari Ni Lipi?



Ndugu mmoja wa hapa kanisani, ambaye kazi yake ni bodi za magari, ameniuliza swali baada ya somo letu la 2 Wakorintho 5:17, lile la kiumbe kipya katika Kristo. Alisema hivi: "Mzee, nikiitoa bodi ya gari la zamani nikaikalisha juu ya chasisi ya pikapu ya juzi juzi, hilo gari ni lipi? Ni lile la zamani ama ni jipya? Na mimi niliyeokoka, je, ni yule yule ama ni mwingine?" Nimeona nilijibu hapa kwenye jarida, kwa sababu wengi wetu tunaishi ndani ya swali hilo bila kuliuliza.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Chukua Land Rover ya zamani. Gari hilo lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa haba, kwa hiyo bati la nje likatengenezwa kwa alumini kwa sehemu kubwa. Chini ndiko kulikobaki chuma: mihimili miwili mirefu iliyoungwa kwa vyuma vya kukingama, mfano wa ngazi iliyolazwa. Sasa lilete gari hilo kisiwani kwetu. Hewa ya Mombasa ina chumvi, na chumvi haina huruma na chuma. Miaka inapita, bati la juu liko sawa, mlango unafunga vizuri, lakini lala chini ugonge chasisi kwa nyundo: kutu inamwagika kama unga. Juu ni kuzima, chini kumeoza.

Mwenyewe analipenda gari, pengine aliachiwa na baba yake. Basi fundi anatafuta pikapu, tuseme Toyota Hilux, iliyogongwa bodi lakini chasisi, injini na breki bado ziko vizuri. Anang'oa ile, anakalisha hii. Lakini si kazi ya kubandika tu. Land Rover ndefu ya zamani ina inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, yaani kama sentimita 277. Hilux ya milango minne iliyotoka tangu 2005 ina kama sentimita 308. Hapo kuna tofauti ya futi moja hivi. Ama fundi aikate chasisi na kuiunga upya, ama airefushe bodi. Mahali pa kufungia bodi hapalingani, usukani hauji sawa, waya hazijuani. Na akichomelea vibaya pale alipounga, chuma kitaachia siku gari litakapobeba mzigo, na ndani kutakuwa na watu.

Tusidhani ni jambo geni. Matatu nyingi kubwa tunazopanda zilizaliwa lori. Kampuni inauza chasisi ya lori, kama vile Isuzu NQR, halafu karakana za humu nchini zinajenga juu yake bodi ya kubebea abiria. Wewe unaona rangi na michoro, unasikia muziki, unakaa. Lakini kinachokubeba ni lori.

Sasa, gari ni lipi? Wayunani wa kale walibishana juu ya merikebu ya shujaa wao Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja moja kadiri zilivyooza. Je, ilibaki ile ile? Sisi hatuna haja ya kwenda Uyunani. Ukishuka Bandari ya Kale, pale Mji wa Kale, jahazi ni hivyo hivyo. Ubao ukioza unatolewa, unatiwa mwingine, linapigwa kalafati, linarudi majini, na nahodha analiita kwa jina lile lile. Au tazama Ngome ya Yesu. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaitwaa 1698, Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na leo ni makumbusho. Kuta ni zile zile, kazi ni nyingine kabisa. Aliyefungwa mle na mtalii anayelipa kiingilio leo hawakuingia mahali pamoja, ijapokuwa walipita kuta zile zile.

Kwa hiyo naona jibu linategemea anayeuliza anataka kujua nini. Mtoto barabarani akiuliza, "Gari gani lile?", mwambie Land Rover, hujamdanganya, kwa sababu anauliza sura. Lakini abiria akiuliza kama breki zitashika mteremko, mwambie habari za Hilux. Na mnunuzi akiuliza, mwambie yote mawili. Sheria yetu nayo inajua jambo hili. Kitabu cha gari kina namba ya chasisi, na mwenye gari akibadilisha kitu kinachofanya maandishi yale yasiwe kweli, anatakiwa aipeleke habari kwa wanaosajili magari, ambao leo ni NTSA. Akifanya hivyo, gari ni halali na historia yake inasomeka. Lakini yupo anayesaga namba ya chasisi mpya na kuichomelea ya zamani, ili gari lionekane halikubadilika. Huyo ameacha ufundi ameingia kwenye uongo. Mithali 11:1 inatuambia Mungu anachukizwa na mizani ya hila, na namba ya kubandika ni mizani ya hila.

Biblia ina mfano wa ajabu wa jambo hili, katika Yoshua sura ya 9. Wagibeoni walikuwa majirani wa karibu tu, lakini walivaa viatu vilivyotiwa viraka, wakabeba viriba vilivyochakaa na mkate mkavu, ili waonekane wametoka mbali sana. Uzee wao ulikuwa wa kuvaa. Israeli wakaangalia sura, hawakumwuliza Bwana, wakala kiapo. Vitu vya zamani havikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika yale waliyoyasema navyo.

Sasa turudi kwa swali la pili la ndugu yetu. Mtu akiokoka, nini kinabadilika? Sura haibadiliki. Kitambulisho ni kile kile, sauti ni ile ile, majirani wa Majengo wanakuita jina lile lile la utani. Ezekieli 36:26 inasema Mungu anampa mtu moyo mpya na roho mpya ndani yake. Yaani kinachobadilishwa ni kile kinachobeba. Zamani nilibebwa na hofu, au kiburi, au pombe. Leo nabebwa na neema. Bodi ni ile ile, chasisi ni mpya. Haleluya.

Lakini hapa pana hatari mbili, na ya kwanza tunaihubiri kila wakati: mtu anapiga rangi juu na chini ni kutu. Anajua nyimbo, anajua kunena, na 2 Timotheo 3:5 inamweleza, ana umbo la utauwa bila nguvu yake. Hiyo nitaiacha leo, kwa sababu ile ya pili ndiyo inayotutia aibu mtaani na hatuisemi.

Nakijua kisa kimoja. Kijana aliazima shilingi 18,000 kwa mama anayeuza mahamri na viazi karai huko Mji wa Kale. Mama huyo ni Mwislamu, na pesa zile alikuwa akizidunduliza kwa karo ya mwanawe. Baadaye kijana akaokoka, na kweli alibadilika, mimi ni shahidi. Mama alipomwendea, akajibiwa, "Mama, yule uliyemkopesha alishakufa. Mimi ni kiumbe kipya." Mama hakubishana. Alisema tu, "Basi aliyekufa ana warithi. Niambie ni nani."

Wapendwa, huyo mama aliuliza swali la kifalsafa kuliko Wayunani wote, na alistahili jibu. Kama yule wa zamani amekufa kabisa, mbona kijana bado analala kwenye nyumba ya yule aliyekufa, anavaa nguo zake na anatumia simu yake? Huwezi kurithi mali ya marehemu ukakataa madeni yake. Yeye alitaka kusaga namba.

Najua mtu atasema, "Mzee, unaturudisha kwenye sheria. Kwani damu ya Yesu haikufuta yote?" Swali ni la haki na nisiliruke. Damu imefuta hatia yangu mbele za Mungu, wala siongezi hata senti moja kwenye kazi hiyo. Lakini msamaha wa Mungu haukuhamisha pesa za mama kuzifanya ziwe zangu. Zakayo katika Luka 19 hakulipa ili Yesu aingie nyumbani kwake. Yesu alikwisha kujikaribisha. Ila alipompokea Bwana, mkono wake ukaenda wenyewe mfukoni: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Onesimo naye alibadilika kweli, Paulo anamwita mwanawe. Hata hivyo Paulo hakumwandikia Filemoni kwamba Onesimo wa zamani hayupo tena. Alimrudisha yeye mwenyewe, na kuhusu deni akaahidi kwa mkono wake kwamba atalilipa. Chasisi mpya ndiyo inayoweza kubeba deni la zamani. Ile iliyooza isingeweza.

Kwa hiyo ushuhuda wetu uwe kama kitabu cha gari kilichoandikwa kwa uaminifu. Kinasema lilikuwa hivi, likabadilishwa hivi, na sasa liko hivi. Paulo hakuficha kwamba alikuwa mtukanaji na mtesi, soma 1 Timotheo 1:13. Anayeficha ya zamani anampunguzia Mungu sifa, maana nani atajua kilichobadilishwa?

Na sisi wengine tuna zamu yetu pia. Sauli alipofika Yerusalemu, ndugu walimwogopa kwa ile sura waliyoijua, mpaka Barnaba akamchukua mkono (Matendo 9:26-27). Fundi mwenye akili hapimi gari alilolikarabati kwa kulicheka. Anatia mzigo mdogo, anajaribu breki, anaenda nalo mwendo mfupi, kisha anaongeza. Tumpime hivyo aliyeokoka. Tusimpe sanduku la sadaka wiki ya kwanza, lakini pia tusimwambie kila siku kwamba tunaijua ile bodi yake. Na tukiona deni ni zito kwake, kanisa lifanye kama Paulo, limsaidie kulipa. Hiyo nayo ni injili, na huko Mji wa Kale itasikika mbali kuliko spika zetu.

Basi, ndugu yangu fundi, jibu langu ni hili. Gari ni lile lile kwa kila aliye na haki nalo, na ni jipya kwa kila atakayepanda. Wewe pia. Kwa unayemwia wewe ni yule yule, nenda ukamlipe. Kwa mke wako, kwa watoto wako na kwa jirani atakayekutegemea kesho, wewe ni mpya, mbebe salama.

Wiki hii kila mmoja akae na daftari, aandike majina. Nani nilimkopa, nani nilimsingizia, mtoto yupi sijamlea. Lisiloweza kulipwa leo lianzwe leo, hata kwa shilingi mia mbili na neno la kuomba radhi. Bwana aliyeibadilisha chasisi atatupa nguvu za kubeba mzigo huo.

Amina.