Je, Ni Haki Kulifunga Jicho Zima?

Kuna swali liwasumbualo wazazi wengi waambiwapo na daktari kwamba dawa ya mtoto wao ni kulifunga jicho lake zima, ili lile dhaifu lipate kufanya kazi. Mama huona uchungu moyoni, akasema, "Mwanangu ana jicho moja tu jema, nikilifunga, je, si kumpofusha? Na jicho hilo jema limekosa nini, hata lifungwe kwa udhaifu wa mwenzake?" Swali hili si la upumbavu. Ni swali la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa haki. Lakini kwanza imetupasa kuujua ugonjwa wenyewe, maana ahukumuye kabla ya kujua hupotea.

Watu wengi hudhani ya kuwa macho peke yake ndiyo yaonayo. Kumbe macho hupokea nuru, na ubongo ndio uitambuao. Mtoto mchanga hazaliwi akiona kama tuonavyo sisi. Hujifunza kuona, kama ajifunzavyo kutembea na kusema. Basi ikiwa katika miaka ile ya kwanza jicho moja lina makengeza, au lahitaji miwani kuliko la pili, au limezibwa na mtoto wa jicho, ubongo hupokea picha mbili zisizopatana. Hushika ile iliyo safi, na ile nyingine huiacha. Siku zikipita, jicho lililoachwa hudhoofika, ijapokuwa pengine ukilitazama kwa nje huoni kasoro yo yote. Madaktari huuita ugonjwa huu ambliopia, nao huwapata watoto wapatao wawili au watatu katika kila mia. Wengine huliita jicho vivu. Jina hilo si la haki, kwa maana mvivu ni yule aliyepewa kazi akaikataa, na jicho hili lilinyimwa kazi tangu mwanzo.

Hasara yake si kusoma kwa shida tu. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alieleza faida ya kuwa na macho mawili. Kwa kuwa yametengana kidogo, kila moja huona kitu kwa upande wake. Ubongo huziunganisha picha hizo kuwa moja, na kwa ile tofauti ndogo hupima kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Atakaye kujaribu, na afumbe jicho moja, kisha atie uzi katika tundu la sindano. Ni kweli, mwenye kutumia jicho moja hakosi kabisa kupima umbali: hupima kwa vivuli, kwa ukubwa wa vitu, na kwa kitu kimoja kukifunika kingine. Walakini katika kumimina maji kikombeni, kudaka mpira, au kushuka ngazi, aweza kukosea mara nyingi kuliko wenziwe.

Na hapo ndipo dhambi yetu ionekanapo. Mtoto akimwaga uji hupigwa. Akikosa mpira huchekwa. Akikosea mistari ya daftari huitwa mzembe. Wanafunzi wa Bwana walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akakataa yote mawili, kisha akamponya. Nasi twapenda kuuliza kosa ni la nani kabla ya kuuliza mtoto anaumwa nini.

Sasa tuitazame dawa. Shauri la kulifunika jicho zima si jipya. Mwanachuoni wa Ufaransa, Buffon, aliliandika mwaka 1743. Siku hizi daktari hupima kwanza na kutoa miwani ikihitajika, na watoto wengine hupata nafuu kwa miwani peke yake. Wasiopata, jicho zima hufunikwa saa chache kila siku. Uchunguzi wa madaktari wa Marekani, uliotolewa mwaka 2003, ulionyesha kwamba kwa watoto ambao ugonjwa wao si mkubwa sana, saa 2 kwa siku zilifaa sawa na saa 6. Wengine hutiwa katika jicho zima dawa iitwayo atropini, ififishayo kuona kwake kwa muda. Nayo haitumiki ila kwa amri ya daktari.

Kwa nini tuharakishe? David Hubel na Torsten Wiesel, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliwafumba watoto wa paka jicho moja. Walipolifumbua baadaye, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umekwisha kumpa mwenzake karibu nafasi yote. Ndiyo sababu madaktari hupenda kuanza kabla mtoto hajatimiza miaka 7. Samaki mkunje angali mbichi. Hata hivyo aliyechelewa asikate tamaa, maana uchunguzi wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba hata baadhi ya watoto wa miaka 7 hadi 17 walisaidika.

Tena, jicho dhaifu likiisha kupata nguvu, kazi yaweza kubaki, kwa sababu macho yaliyozoea kuachana hayana budi kufunzwa kutazama pamoja. Wengine hupasuliwa ili macho yanyoke. Wengine hupewa mazoezi. Moja ni uzi wenye shanga, uliobuniwa na Frederick Brock. Ncha moja hufungwa mahali, ncha ya pili hushikwa puani, na mtoto huitazama shanga moja baada ya nyingine. Macho yote mawili yakifanya kazi, ataona kana kwamba nyuzi ni mbili, nazo zakutana penye shanga aitazamayo. Mama mmoja mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, Susan Barry, alikuwa na makengeza tangu utoto. Alipasuliwa mara tatu, macho yakanyoka kwa nje, lakini kina cha vitu hakukiona. Mwaka 2002, akiwa na miaka 48, baada ya mazoezi aliingia katika motokaa yake akaona usukani umejitokeza mbele yake, jambo asilolijua maisha yake yote. Si kila mtu atakayefika huko, na madaktari wenyewe hawajapatana ni mazoezi gani yafaayo zaidi. Basi aahidiye kuponya wote kwa hakika asiaminiwe.

Haya, tumjibu mama yule. Jicho zima haliadhibiwi. Adhabu hufuata kosa, lakini kufunikwa huku ni kwa faida ya mwili wote, kama Mtume Paulo alivyowafundisha Wakorintho habari za viungo vinavyohitajiana. Hata jicho zima lenyewe lafaidika, kwa maana peke yake haliwezi kupima kina kama wawezavyo wawili. Tena likipatwa na ajali siku moja, mtu atakuwa na la pili la kumwongoza. Lakini haki hiyo ina mpaka. Kulifunika kupita kiasi kwaweza kulidhoofisha lile jema. Kwa hiyo mzazi asipange saa kwa shauri lake mwenyewe, wala asiache kurudi kwa daktari siku aliyoambiwa.

Na machozi ya mtoto je? Mtoto wa miaka minne hawezi kumchagulia mtu mzima atakayekuwa, mzazi humchagulia. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Lakini mithali hii isiwe ruhusa ya fimbo. Tukimwondolea mtoto kuona kwake kwa saa mbili, tuna deni la kumpa saa mbili zetu: kukaa naye, kutunga shanga, kuchambua mchele, kuchora, kumtazamisha picha, na kumwambia kwa maneno ayafahamuyo kwa nini tunafanya hivi. Mzazi amfungaye mtoto jicho kisha akamwacha peke yake kizani amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo upendo.

Basi, ndugu zangu, mtoto wako akililia kufunikwa jicho moja na asililie la pili, au jicho likienda upande, mpeleke hospitali. Ukiona weupe katika mboni, usingoje hata juma moja. Usitie jichoni dawa ya majani wala maziwa. Nasi walimu tumketishe mbele mtoto aliyefunikwa jicho, wala tusimwache mwenzake amwite kengeza mbele yetu. Na kabla hatujamwita mtoto ye yote mvivu, katika shule au katika kanisa, tuulize kwanza kama aliwahi kupewa kazi, na nani aliyekaa naye alipoifanya.