NIA YA MAMA MJAMZITO: JE, KUPUMZISHA UZAZI NI KUKOSA TAWAKKUL?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Muislamu, siku ya kupima mimba mama huulizwa atatumia njia gani ya kupanga uzazi akisha kujifungua. Wako wanaojibu kwamba wana nia, lakini wakifika nyumbani hawasemi neno. Mmoja anamwogopa bwana yake, mwingine mama mkwe, mwingine anaogopa dhambi: je, kuweka nia hiyo mtoto angali tumboni si kumshuku Mungu anayeruzuku?

Tuanze na dhambi. Qur'ani (17:31) imekataza kuua watoto kwa kuogopa umaskini. Kuzuia mimba isitungwe ni jambo jingine. Jabir (r.a.) amesimulia kwamba masahaba walifanya azl, yaani kumwaga nje, wakati Qur'ani ikiteremka, nao hawakukatazwa. Imam Ghazali naye aliijuzisha katika Ihya. Kwa kipimo hicho wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu vidonge, sindano, vijiti vya mkononi na kitanzi, ikiwa havidhuru na mume na mke wameridhiana. Kufunga kizazi kabisa bila dharura, wengi wamekataza.

Na tawakkul? Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu amfunge ngamia kwanza, kisha amtegemee Mungu. Qur'ani (2:233) imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri kungoja angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kutafuta mimba nyingine. Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulikadiria kwamba hapa Kongo mama 846 walikufa kwa sababu ya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Basi anayemkinga mkewe asibebe mimba juu ya mtoto wa ziwa hakumshuku Mungu. Amemfunga ngamia.

Lakini nia isiyosemwa hupitwa na wakati. Siku arubaini zikiisha, mume anarudi kwa mkewe, na shauri halijafanyika. Wengine hungoja hedhi irudi, kumbe mimba huweza kuingia kabla yake. Kunyonyesha kunakinga vizuri kwa masharti matatu: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya ziwa tupu mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo haitegemewi tena. Kwa hiyo wakati wa shauri ni sasa, kabla ya uchungu.

Aya ile ile ya 233 inataka baba na mama waridhiane na washauriane hata wakitaka kumwachisha mtoto ziwa mapema. Kama kuachisha ziwa kunataka shauri la wawili, sembuse mimba nzima?

Ewe mume, shauri si amri. Anayebeba udhaifu juu ya udhaifu ni yeye, si wewe. Ukikataa hata kumsikiliza, unamsukuma aende kuchomwa sindano kwa siri, kisha utasema umedanganywa. Na mganga akikwambia kwamba mimba nyingine ya karibu itahatarisha maisha yake, huna haki ya kumlazimisha, kwa maana dini yetu haikubali madhara.

Nawe mama, usiiache nia yako kwa muuguzi peke yake. Iseme nyumbani kwa upole, na umwombe bwana yako mfuatane siku ya kupima.

Ndugu yangu, ukitoka msikitini leo, kama mkeo ni mjamzito, muulize: "Nia yako ni ipi tukisha kupata mtoto?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Ewe Mola wetu, wahifadhi mama zetu katika uzazi, watimizie watoto wetu haki yao ya ziwa, na utie mapenzi na huruma katika nyumba zetu. Amin.